Kiti Kimoja kwenye Kitabu cha Polisi

Kiti chenyewe kilikuwa cha mke wangu, si changu. Naanza na hilo kwa sababu hapo ndipo kitabu cha polisi kilipoanza kukosea, na mimi nilikuwepo nikikisaidia.

Ni kiti cha magurudumu. Mgongo ulipomharibikia na daktari akasema miguu haitarudi, kina mama wa kanisa walichanga wakamnunulia. Nyumba yetu ni ya kaunti, katika mitaa ile ya zamani kando ya Jogoo Road, chumba kimoja na jikoni. Aliyepima mlango wetu alipima mtu mmoja mwembamba asiyebeba kitu. Hata kabati letu liliingia likiwa mbao, nikaliunga humo ndani, na siku tukihama litabaki. Kwa hiyo kiti kililala nje chini ya paa, nimekifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye bomba la maji. Jioni nilimbeba mgongoni hadi kitandani, hatua tisa. Asubuhi hatua tisa tena kumtoa.

Nieleze pia kuhusu vifaru, maana bila vifaru hutaelewa mbele.

Mimi ni mchongaji, kwetu ni Ukambani. Watu hufikiri mchongaji huchonga chochote anachoambiwa. Hapana. Kibandani kwetu kila mtu alikuwa na mnyama wake. Aliyekaa kushoto kwangu alichonga twiga tu, wa kulia swara, mimi kifaru. Miaka thelathini na zaidi ni kifaru, na kifaru mwenyewe sijawahi kumwona kwa macho. Nilijaribu ndovu mara moja, akatoka kifaru mwenye masikio makubwa. Sasa, zile sponji za kuwekea mikono kwenye kiti zilipochakaa, nikatengeneza nyingine za mti wa jakaranda, na mwisho wa kila moja kukatokea kichwa cha kifaru. Sikukusudia, mkono ulienda wenyewe. Mke wangu alisema angependa ua. Nikamwambia ua si kazi yangu. Lakini nilimwona akipita kwenye mashimo, ameshika zile pembe mbili kwa nguvu, na hakusema tena habari za ua.

Jambo la mwisho kabla ya wizi ni sikio. Nilipokuwa kijana, kabla ya kibanda, nilifanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao, na ile mashine ilinichukulia sauti zote nyembamba. Sauti nene nasikia. Mke wangu alikuwa akiniambia gurudumu la kushoto linalia, nilitie mafuta. Mimi sikusikia chochote, nikadhani ananichokoza. Mafuta nilinunua, nikayaweka dirishani, yakakaa.

Basi Jumatatu moja asubuhi nikafungua mlango, nikakuta bomba lina mnyororo na mnyororo hauna kiti. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, ufunguo wake mfukoni mwangu. Kilichokatwa ni pete moja ya mnyororo, imekatwa kwa mkasi mkubwa wa vyuma, safi, kazi ya mtu anayejua. Nilisimama nikaitazama ile pete kidogo. Halafu nikarudi ndani kumwambia mke wangu, naye akasema, "Nenda polisi," kama mtu anayekuambia nenda dukani.

Kituo sitakitaja, kwa sababu waliomo ni watu wenye familia. Kaunta yake ni ndefu kwenda juu, imenifika kifuani. Nyuma yake alisimama afisa msichana, mpole, na mbele yake kitabu kikubwa kile wanachokiita OB, ambacho kila shida ya mtaa huandikwa humo na kupewa nambari. Nikatoa mnyororo kwenye mfuko wa karatasi, nikauweka juu ya kaunta.

"Mnyororo wa nini huu, mzee?"

"Wa kiti. Kiti kimeibwa."

"Ulimwona aliyeiba?"

"Sikumwona."

"Kuna jirani alimwona?"

"Hakuna."

"Sasa umejuaje ni mwizi?"

Nikafikiri. Nikausogeza mnyororo karibu naye. "Mnyororo haujikati," nikasema.

"Sijasema unajikata. Nasema hujui nani aliukata. Mimi naandika kile unachojua, mzee wangu. Unajua kiti hakipo?"

"Hilo najua."

"Basi tuandike hakipo."

Kila sentensi aliyosema ilikuwa ya kweli, na mimi nikaikubali moja moja. Akaniuliza jina, nikasema langu. Akauliza kiti kina alama gani, nikamwambia vifaru wawili. Akacheka, akasema, "Hicho ni kiti ama mbuga ya wanyama?" na sidhani aliandika. Akanipa kikaratasi chenye nambari na mhuri. Nilikikunja mara nne, nikakitia mfuko wa shati, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyefanya kazi.

Shuleni nilifika darasa la tatu. Herufi nazijua zikiwa moja moja, zikishikana mikono zinanishinda. Kwa hiyo kikaratasi kilisomwa na mke wangu, akiwa kitandani, miwani puani. Yeye alikuwa katibu wa kina mama kanisani miaka mingi, ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao. Mtu akisema jambo kikaoni akalikana wiki iliyofuata, daftari la mke wangu lilitolewa, na mtu akanyamaza.

Alisoma mara mbili. "'Mzee amepoteza kiti kimoja,'" akasema. Akanitazama juu ya miwani. "Ni wewe umepoteza?"

"Nimeeleza kimeibwa."

"Hapa wewe ndiye umepoteza. Kiti kimoja. Kama mtu aliyesahau stuli matangani."

Nilirudi kituoni kesho yake. Afisa mwingine, mwanamume, akaniambia kitabu hakifutwi, kurasa zake zina nambari, kilichoandikwa kimeandikwa. Ninachoweza ni kuandikisha upya, na kama kiti ni cha mama, basi mama mwenyewe aje.

"Hawezi kuja," nikasema.

"Kwa nini?"

"Hatembei."

"Mlete na kiti chake."

"Kiti ndicho kimeibwa."

Akachukua kikaratasi changu, akakifuata kwa kidole. "Hapa wanasema kimepotea."

Nikaenda nyumbani.

Ilipita wiki nzima. Unajua, kila siku mwendo wa saa nne asubuhi jua hufika kwenye ukuta wetu, na mke wangu alikuwa akikaa pale na sufuria mapajani akichambua kunde, na hakuna aliyepita bila kusimama. Habari za mtaa wote zilipitia pale. Kila Alhamisi nilikuwa nikimsukuma hadi kwenye kikao cha kina mama. Sasa alilala akitazama ukuta wa ndani, akaniweka mimi mlangoni nimsimulie.

"Nani amepita?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye koti."

Aligeuza uso ukutani. Mimi si mtu wa kutegemewa kwa habari, hilo nakubali. Jirani mmoja alisema kina mama wachange tena, mke wangu akasema hawezi kuwarudia watu kwa kitu kile kile. Kwa hiyo ilikuwa ni kiti kile ama ukuta ule. Siku ya saba hakuuliza nani amepita. Siku ya nane akasema, "Tafuta mkokoteni."

Jirani yetu mmoja, mwanamume wa makamo, hubeba makaa kwa mkokoteni kutoka huku hadi Buruburu. Aliufuta kwa gunia, akaweka godoro letu dogo na mito miwili. Mke wangu alivaa sare yake ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Tukampakia.

"Mathe, kuna bampu hapa, jishikilie," mwenye mkokoteni akawa anapiga kelele mbele kila tulipofika kwenye tuta.

"Nishikilie nini? Pembe zangu zimeibwa. Wewe vuta polepole, mimi si makaa."

"Makaa huwa hayaongei, mathe."

Watu walisimama kuangalia. Mwanamke mmoja muuza nyanya akaniuliza kwa huruma kama tunaenda hospitali. Nikasema tunaenda polisi. Akarudi kwenye nyanya zake haraka.

Pale kituoni mlango ni mpana, ukaingia mkokoteni wote hadi chini ya kaunta. Siku hiyo nyuma ya kaunta alikuwa ameketi sajenti, mtu mkubwa wa mwili, mvi kichwani kama zangu. Kwa urefu wa kaunta tulimwona kifua na kichwa tu.

"Ehe, mzee."

"Nimekuja kuandikisha kiti."

"Cha nani?"

"Cha mama."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko chini."

"Pole sana, mzee. Alizikwa lini?"

"Afande, niko hapa," mke wangu akasema kutoka kwenye mkokoteni.

Sajenti akajiinua kidogo kwa viwiko, akachungulia chini. Wakatazamana. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa nadhani wamelingana miaka.

"Marahaba. Andika kiti changu cha magurudumu kimeibwa."

Sajenti akapumua. Alikuwa mtu mwema, akamweleza kama dada yake. Kitu kilichopotea, akasema, kinaandikwa, unapewa nambari, kimeisha, kila mtu anaenda nyumbani. Kitu kilichoibwa kinataka faili, faili linataka mpelelezi, na mwisho wa mwezi kuna mkubwa anauliza mwizi yuko wapi. Na mwizi hayupo. "Kwa hiyo mama, kwa faida yako, tuseme kimepotea."

"Sawa," mke wangu akasema. "Nilikipotezea wapi?"

"Wewe ndiye unajua."

"Ndiyo nakuuliza wewe unayeandika. Mimi sitembei. Nikienda mahali, naenda nimekikalia. Sasa nilikiacha mahali gani, nikaondoka pale kwa miguu gani?"

Mwenye mkokoteni alikuwa ameanza kutingisha mabega. Sajenti akatazama kalamu yake mbele na nyuma, halafu akainama akaandika. Mke wangu akamwambia asome. Akasoma. Akamwambia aongeze kwamba mnyororo ulikatwa. Akaongeza. Akamwambia "mlalamishi" peke yake haitoshi, aweke jina lake, si la mzee. Akaweka. Nilimhurumia, maana najua hali ile, nimeishi nayo miaka arobaini.

"Imeandikwa wizi," akasema mwishowe. "Umeridhika, mama?"

"Hujaniuliza alama."

"Ngoja kwanza nilete mhuri."

Mhuri ulikuwa kwenye rafu mwisho wa chumba. Sajenti hakusimama. Tuliona kifua na kichwa vikienda kando polepole hadi rafuni, vikachukua mhuri, vikarudi. Mimi niliona hivyo tu. Lakini mke wangu alinishika suruali.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

Akamwambia sajenti, kwa adabu kabisa, "Afande, samahani, hebu rudi tena pale rafuni."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

Nafikiri alikuwa amechoka kubishana. Akaenda, akarudi.

"Gurudumu la kushoto," mke wangu akasema. "Afande, umekalia kiti changu."

Sajenti akatazama mikono yake ilipokuwa. Sisi hatukuiona kutoka upande wetu, lakini nilijua anatazama nini, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka akakuta wageni kitandani. Nikanyoosha shingo juu ya kaunta. Vifaru wangu walikuwepo wote wawili. Yule wa kulia pembe yake ni fupi, kisu kiliteleza.

Akatueleza. Kiti cha ofisi kilivunjika mguu tangu zamani, wameandika barua hadi wamechoka, na mgongo wake unamuuma. Hiki alikikuta stoo. Akalamba kidole, akaanza kufungua kitabu kurudi nyuma, na nakwambia hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona kile kitabu kikifunguliwa kurudi nyuma. Kila anayeingia kazini huandika kuanzia pale mwenzake alipoachia, ya jana ni ya jana. Akapata. Ijumaa, mlinzi wa soko ameleta kiti kimoja alichokiokota kando ya mtaro, kikiwa na mitungi minne ya maji juu yake. Akafungua nyuma zaidi. Jumatatu, mzee amepoteza kiti kimoja.

"Vimelingana," akasema, na alifurahi kwelikweli. Halafu akatazama ukurasa wa leo, wino haujakauka, na furaha ikamtoka.

"Sasa mama. Kilichopotea kikiokotwa, kinarudi kwa mwenyewe leo hii, anatia sahihi. Lakini wewe umeandikisha wizi. Kilichoibwa kikipatikana ni ushahidi. Kinabaki hapa mpaka mwizi ashikwe, kiende kortini."

"Kitabaki wapi?"

"Stoo."

"Na nani atakikalia?"

Sajenti akachukua kalamu. Akasema iko njia rahisi: aandike chini yake kwamba mlalamishi amegundua kiti hakikuibwa, ni yeye alisahau. Sahihi moja, tunaondoka nacho.

Nitasema ukweli, mimi ningetia sahihi saa ileile. Ningetia sahihi kwamba nilikiiba mwenyewe. Nilimtazama mke wangu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mkokoteni, na nilijua anakitaka kile kiti kuliko mimi nilivyowahi kutaka kitu. Niliona jua la saa nne na ukuta. Nikaomba kimoyomoyo, mwanamke, kwa mara moja, kubali.

"Afande," akasema. "Mzee wangu alipoteza kiti kimoja?"

"Ndiyo. Kimeandikwa."

"Na nyinyi mmeokota kiti kimoja."

"Ndiyo, mama."

"Basi mpe mzee kiti chake aende nacho. Changu kimeibwa. Endeleeni kukitafuta."

Mwenye mkokoteni alicheka hadi akaambiwa atoke nje. Sajenti aliketi. Nilimwona akiipitia ile sentensi polepole, kama mimi ninavyopapasa mti kutafuta ufa. Hakuupata. Akanigeuzia kitabu. Jina langu najua kuliandika, ndilo neno refu kuliko yote ninayoyajua, nikaliandika pale kwamba mimi, niliyepoteza kiti kimoja, nimepokea kiti kimoja. Akasimama kwa shida, mkono kiunoni, akakisukuma mwenyewe kuzunguka kaunta. Tukamwinua mke wangu, tukamweka. Akashika pembe.

"Bado hujaandika alama," akasema.

"Za kiti gani?"

"Changu. Kilichoibwa."

Sajenti akarudi nyuma ya kaunta, akabaki amesimama, akaandika huku akiwaangalia: vifaru wawili, wa jakaranda, wa kulia ana pembe fupi.

Nilimsukuma hadi nyumbani, mkokoteni mtupu ukitufuata. Muuza nyanya akauliza kama wamemshika mwizi. Mke wangu akasema bado wanapeleleza.

Na kweli walikuwa wanapeleleza. Miezi imepita, na juzijuzi akaja kijana wa upelelezi, amevaa kiraia, faili kwapani. Alimkuta mama ukutani juani, sufuria mapajani. Akauliza kama kuna lolote jipya kuhusu kile kiti.

"Hakuna, mwanangu. Nyinyi je?"

"Tunaendelea, mama."

Akasoma kwenye faili kitambo. Akatazama mkono wa kulia wa mke wangu ulipokuwa umelala. Akasoma tena. Halafu akafunga faili, akaomba maji ya kunywa, nikampa. Alipoondoka mke wangu alikigeuza kiti amtazame hadi kwenye kona, na kijana akasimama kidogo akasema kitu. Mimi sikukisikia, niliambiwa baadaye: alisema lile gurudumu linataka mafuta.

Mafuta bado yako dirishani. Mke wangu amenikataza kuyagusa.